Tembea na Zuhura

Siku ya arobaini ya Bi Hadija nilifika Kiranjeranje mapema, wanawake wakiwa bado wanapepeta mchele, na kitu cha kwanza nilichokiona uani kilikuwa ubao wangu. Ulilazwa juu ya mafungu mawili ya matofali, na akina mama watatu walikuwa wameuzunguka, wanakatia vitunguu juu yake. Rangi yake ya bluu ilikuwa imekwisha kwa jua na visu, lakini herufi nyeupe zilisomeka bado ukijua pa kuangalia: T kubwa chini ya kisu cha mama mmoja, na mwisho wa jina langu ukipotea kwenye maganda. Rehema, mjukuu wa marehemu, ambaye anasomea utalii chuoni, aliniamkia, akanipokea mkoba, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama huo ndio ubao wenyewe. Nikamwambia ndio huo. Akauliza kama ni kweli uliandikwa vile wanavyosema. Kabla sijajibu, mmoja wa wale wakata vitunguu, bibi mwenye mgongo uliopinda ambaye sikuwa nimemtambua, alisema bila kuinua macho, "Uliandikwa vile, na haukufutwa. Muulize kwa nini haukufutwa."

Nimeulizwa swali hilo kwa zaidi ya miaka ishirini, na kila mara nimelijibu kwa mzaha kwa sababu mzaha ni njia fupi. Leo Bi Hadija hayupo, na naona ni deni la heshima kulijibu kwa njia ndefu. Tuanze na neno lenyewe, tulitazame polepole kama tunavyotazama mti tusioujua. Mtoto akianza kutembea tunapiga vigelegele. Mgeni akija tunafurahi kwamba ametutembelea. Mtu akirudi kutoka mjini tunamuuliza matembezi yalikuwaje. Kutembea ni neno safi, halina doa. Lakini liongezee kineno kimoja kidogo kuliko vyote, useme fulani anatembea na fulani, na hapo hapo watu wataangalia chini na mama ataita watoto ndani. Miguu haimo tena katika maana hiyo. Mimi, mwaka ule nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu, kazi yangu ilikuwa kutembea na watu. Kwa miguu. Na hapakuwa na namna nyingine ya kuisema.

Nilikuwa nimetoka Mtanda, Lindi mjini, kuja kuwasaidia watafiti wa miti waliokuwa wakipima msitu wa hifadhi nyuma ya kijiji. Wao walishika kamba na vipimo, mimi niliandika majina. Majina ya kitabuni walikuwa nayo, ila ya hapa niliyapata kwa wanawake waliokuwa wakiingia msituni kuchimba ming'oko, vile viazi vya mwituni ambavyo watu wa kwetu wakivikosa msimu mzima huona kama hawajala. Watafiti walipomaliza na kuondoka, mimi nilibaki. Nilikuwa nimepanga chumba nyuma ya hoteli ya Bi Hadija, na hoteli hapa nina maana ya mabenchi manne, meza mbili na jiko, kando ya barabara kuu ambako mabasi ya Lindi yalisimama abiria wanywe chai. Chumba changu na hoteli vilitenganishwa na ukuta wa fito na udongo ambao haukufika kwenye paa. Juu ya ukuta ule harufu ya vitumbua iliingia alfajiri, na baada ya harufu yakaingia maneno. Wazee waliotoka msikitini walikaa pale kwa chai ya tangawizi, na kwa kuwa hawakuniona walidhani sisikii. Niliwajua wote kwa sauti na kwa namna walivyokoroga sukari. Mmoja aliuliza, huyu binti anayelala humu nyuma, watafiti wameondoka, yeye anangoja nini? Mwingine akasema huwapeleka wageni kilimani. Wa kwanza akauliza kilimani kuna nini. Akajibiwa kwamba hakuna kitu, wanakwenda tu na kurudi. Kijiko kikagonga kikombe, kisha yule wa kwanza akasema taratibu, kama anayemalizia hesabu, kwamba basi anatembea nao.

Naomba uone vizuri kilichotokea pale, maana hadithi yote imo humo. Hawakuwa watu wabaya. Katika kijiji kile mtu aliingia msituni kwa sababu: kuni, asali, dawa, nguzo, ming'oko. Aliyeingia bila shoka wala kikapu na kutoka mikono mitupu alikuwa amekwenda kufanya jambo lisilosemeka. Kwamba mtu mzima aliyeshiba aweze kupanda kilima ili tu akione kilivyo, ashuke, na aridhike, hilo lilikuwa halijapata nafasi kichwani mwao, na pasipo nafasi watu hujaza walicho nacho. Bi Hadija mwenyewe, aliyekuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye ulimi kama pilipili kichaa, alikuwa akinifungia mihogo ya kuchemsha niende nayo na kunung'unika kwa Kimachinga, lugha ya kwao. Siku moja aliniuliza kwa Kiswahili ili nisikose maana. "Mwanangu, unapofika kule juu, unashika nini?" Nikamwambia sishiki kitu, naangalia. Akanitazama kwa huruma, akaniongezea muhogo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Wageni walikuwa wachache: walimu kutoka Lindi, vijana wa ofisini kutoka Dar es Salaam waliosikia kwa rafiki, mara mojamoja Wazungu waliokuwa wakielekea Kilwa kwenye magofu. Kassim, dereva aliyekuwa na pikapu kuukuu, alitubeba kwa barabara ya zamani ya wavuna magogo, iliyopanda katikati ya miombo hadi kwenye mgongo wa kilima cha Namichelo. Ile safari ya gari peke yake ilitosha kumpa mtu furaha ya mwezi. Kabla ya vuli miombo huchipua majani mekundu, si manjano wala kahawia, mekundu kama kanga mpya, na barabara hupita ndani ya wekundu ule mpaka unajiona umeingia kwenye nyumba iliyopakwa rangi. Mwisho wa barabara tulishuka tukaanza kwa miguu, na hapo nilikuwa na sheria moja niliyoitunga mwenyewe na ambayo sijaibadilisha hadi leo: mwenye mwendo wa polepole kuliko wote anakaa mbele. Watu wengi humweka nyuma, kisha humngojea, na akifika tu wao huondoka, hivyo yeye ndiye asiyepumzika kamwe. Mweke mbele. Atapanda kwa pumzi yake, wenye nguvu watajifunza kuangalia miti, na mtafika pamoja. Nimefikisha juu watu waliokuwa wameshaapa kwamba hawatafika, na siri yangu haikuwa zaidi ya hiyo.

Wageni walipopita bila kujua kwamba mimi nipo, Bi Hadija akasema nipate ubao. Mchoraji alikuwa Maulidi, kijana wa hapo hapo aliyeandika mabasi na kuta za maduka, fundi mzuri wa herufi ambaye hakupenda kupima kabla ya kuanza. Nilimwandikia kwenye karatasi: Tembea msituni na Zuhura. Masaa matatu au siku nzima. Uliza hapa hotelini. Siku hiyo nilikuwa na wageni kilimani. Niliporudi jioni ubao ulikuwa umeshasimamishwa kando ya lami, bluu na nyeupe, unang'aa, na Maulidi amesimama kando yake kama baba wa mtoto mchanga. Alikuwa ameanza na T nzuri, kubwa mno. Neno TEMBEA likala mstari wa kwanza wote. Mstari wa pili ulianza na NA ZUHURA.

Nikamuuliza msituni iko wapi. Maulidi akajikuna shingo. "Ubao uliisha, dada. Msituni nikaiacha. Si watu wanajua?"

Watu walijua, naam. Asubuhi iliyofuata basi la kwanza kutoka Lindi lilisimama, na kondakta akasoma ubao kwa sauti, pole pole, mstari kwa mstari. Tembea na Zuhura. Masaa matatu au siku nzima. Alipofika kwenye Uliza hapa hotelini basi zima lilikuwa limelala kwa kicheko, na Bi Hadija yuko mlangoni na mwiko mkononi, hajui bado kwa nini anaulizwa kama leo kuna nafasi. Kufikia Ijumaa makondakta walikuwa wameufanya kituo. Badala ya kuita Kiranjeranje waliita wanaoshuka kwa Zuhura. Nilisikia yote kutoka chumbani kwangu juu ya ule ukuta usiofika paa. Sitaki nijifanye shujaa hapa: siku ya kwanza nililia, siku ya pili nilifunga begi, na siku ya tatu nilichukua brashi ya Maulidi mwenyewe na kopo la bluu, nikaenda barabarani kufuta.

Sikufuta. Nitasema kwa nini, maana ndilo swali lenyewe. Nilipokuwa nimesimama pale, brashi inadondosha rangi kwenye vidole vya mguu, alipita mmoja wa wale wazee wa chai ya alfajiri, yule wa kwanza. Akasimama, akaona brashi, akatikisa kichwa kwa wema kabisa na kusema, vizuri binti, mtu akikosea hutubu. Akaenda zake. Nikabaki na neno lile, hutubu. Nikakumbuka kwamba yeye ndiye aliyesema natembea nao, mwezi mzima kabla ubao haujakuwapo. Ubao haukuwa umezua maneno, ulikuwa umeyasoma tu kwa sauti. Nikiufuta, maneno yatabaki juu ya ukuta yalipokuwa, ila sasa yatakuwa na ushahidi wa mkono wangu mwenyewe. Nikarudisha brashi kwa Maulidi. Alikuwa radhi kuandika upya bila malipo, au kubana msituni kwa herufi ndogo pembeni. Nikamwambia aache ulivyo. Kama mtu akiusoma akiwaza miguu, karibu. Kama akiwaza kingine, hicho alikuja nacho mwenyewe.

Ingekuwa ni suala la kuchekwa tu ningelimeza. Lakini wiki hizo hizo bwana miti, ofisa wa misitu aliyekuwa na dhamana ya hifadhi, aliniita akaniambia kwamba kuanzia mwezi unaofuata hakuna atakayeongoza wageni mle bila kibali, na kibali hakitoki bila barua ya serikali ya kijiji. Hakuwa na ubaya nami. Alisema yeye binafsi anajua kazi yangu, ila ofisi haijui mtu, inajua karatasi. Na nisipoleta karatasi kabla ya mwisho wa mwezi kuna mwanamume mmoja amekwisha leta ya kwake. Nilimjua mwanamume huyo. Alikuwa mtu mpole aliyeuza vocha pale kituoni, na hakuwa ameingia ule msitu zaidi ya mara mbili. Angewapandisha wageni kwa njia ya magogo, akawaonyesha mti mkubwa na mti mdogo, akawashusha. Kazi yote niliyoijenga, njia nilizozikariri kwa nyayo, majina mia na zaidi niliyopewa na wachimba ming'oko, vyote vilisimama juu ya sahihi moja ya Mwenyekiti wa kijiji.

Mwenyekiti alinipokea barazani kwake kwa adabu. Mkewe, Mama Shukuru, alituletea uji wa mtama, akakaa nyuma ya pazia ambako nilimwona kidole gumba cha mguu muda wote wa mazungumzo. Mwenyekiti alisema ataandika barua leo hii kwa masharti mawili. La kwanza, ubao ushuke. La pili, kila nikiingia msituni na wageni niende na mwanamume wa kijiji wa kunisindikiza. Nikauliza huyo msindikizaji atafanya nini. Akasema hatafanya kitu, atakuwepo. Nataka nimtendee haki: alisema pia kwamba yeye ana mabinti wanne, kwamba mimi ni mtoto wa watu wa Mtanda, na likinipata jambo kule juu ni yeye atakayesimama mbele ya wazazi wangu bila neno. Niliona alimaanisha. Nikamjibu kwamba namshukuru kwa moyo wa baba, lakini mtu akinisindikiza ili asifanye kitu, atakuwa anasema kila siku, kwa kuwepo kwake tu, kwamba bila yeye kingefanyika kitu. Mwenyekiti akashusha bakuli. Akasema basi shauri hili litakwenda mkutanoni. Kidole nyuma ya pazia kikasogea.

Mkutano ulifanyika katika darasa la shule ya msingi, watu wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kifuani. Ubaoni kulikuwa na hesabu za kugawanya ambazo hakuna aliyezifuta. Wanaume walikaa mbele, wanawake nyuma karibu na madirisha. Mwenyekiti alieleza shauri kwa uadilifu, halafu wakasimama wasemaji. Mmoja alisema ubao unaaibisha kijiji hadi Dar es Salaam. Mwingine alisema jina la kijiji limepotea, mjomba wake alipanda basi Nangurukuru akaulizwa kama anashuka kwa Zuhura, na yeye ni haji. Watu wakacheka, na kicheko kile kiliniumiza kuliko hasira. Nilipopewa nafasi nilijaribu kufanya ninachojua, nikaeleza. Nilieleza mwendo, kilima, mbega wanaoruka juu ya vichwa, wageni wanavyonunua chai na mihogo hapa kijijini. Nilieleza vizuri, nadhani, na niliona macho yao yakinisikiliza kama watoto wanavyosikiliza mwalimu wa zamu. Hakuna ninayemlaumu. Huwezi kumweleza mtu ladha. Mwenyekiti akashukuru, akauliza kama kuna mwingine kabla hajafunga.

Dawati la nyuma likalia. Bi Hadija alikuwa anajaribu kujichomoa. Ilimchukua muda, na kila mtu alimngojea. Alipokwisha simama alijifunga kanga vizuri kiunoni kama anayetaka kusonga ugali.

"Mwenyekiti," alisema, "mimi nataka kutembea na Zuhura."

Hakuna aliyecheka. Nadhani walidhani wamesikia vibaya. Mwenyekiti alisema kwa upole, "Bi Hadija, wewe mtu mzima."

"Ndiyo maana. Nimefika umri wa kujua ninachotaka. Na uandike siku nzima. Masaa matatu hayanitoshi."

Hapo ndipo kicheko kilipoanza, lakini kilianzia madirishani, kwa wanawake, na kilikuwa kicheko cha namna nyingine. Bi Hadija hakucheka. Alisema kwamba ameokota kuni chini ya Namichelo tangu alipoolewa na hajawahi kufika juu, kwa sababu juu hakuna kuni. Sasa anataka kujua kuna nini, na kama ni dhambi aambiwe ni dhambi ipi, maana yeye atakuwa mle na wanawake wenzake mchana kweupe. Mwenyekiti akasema wenzake gani. Sauti ikatoka nyuma, ndogo, bila mtu kusimama. "Na mimi niandike." Nilimtambua kabla sijageuka. Alikuwa Mama Shukuru, mwenye kile kidole cha nyuma ya pazia. Mwenyekiti aliangalia hesabu za kugawanya kwa muda mrefu, kisha akasema mkutano umeahirishwa.

Walikuwa saba siku tulipokwenda. Kassim aliwapakia nyuma ya pikapu na mabusati, na gari lilipopita mbele ya ofisi ya kijiji wakanyamaza wote kwa pamoja, kisha walipoipita wakaanza kuimba za harusini. Kwenye miombo myekundu nyimbo zilikatika. Mmoja alisema amepita hapa maisha yake yote na mzigo kichwani, na mwenye mzigo kichwani haangalii juu. Tuliposhuka garini nilitafuta wa kumweka mbele. Bi Hadija alijitoa mwenyewe, akasema anajua yeye ndiye jongoo wa msafara, nisimfiche. Akatangulia. Alipanda akisimama kila baada ya hatua kumi, ameshika kiuno, na sisi saba nyuma yake tukisimama anaposimama. Na kwa kuwa tulisimama, tuliona: sange akipekua majani kwa pua yake ndefu, mbega watatu na mikia kama mashungi meupe, na mti ambao mimi nilikuwa nikiuonyesha kwa wageni kwa jina moja, wao wakanisahihisha, wakanipa jina lingine na dawa yake. Mwalimu na wanafunzi tulibadilishana viti njiani bila mtu kutangaza.

Juu kuna mwamba uliolala kama mgongo wa tembo. Kutoka pale unaona msitu wote ukishuka, mashamba ya mikorosho, paa za bati zinazometa, na mwisho kabisa mstari mweupe wa bahari. Bi Hadija aliketi, akavua ndala, akaangalia. Baada ya muda alisema kwamba kumbe miaka yote hiyo alikuwa anainama kuokota kuni huku ameipa bahari mgongo. Akafungua kikapu. Ming'oko ilikuwa bado na joto, tukaimenya kwa vidole na kuichovya kwenye chumvi na pilipili, tukanywa maji. Wakawasema waume zao, wakacheka mpaka machozi. Mama Shukuru hakumaliza yake. Alijilaza juu ya mwamba, akafunika uso kwa ncha ya mtandio na kusema tusimwamshe, hajalala mchana tangu alipoolewa. Akalala kweli, akakoroma. Bi Hadija akanigeukia na kuniuliza lile swali lake, sasa kwa namna nyingine. "Wewe Zuhura, hii ndiyo ulikuwa unashika?" Nikamwambia ndiyo hii. Akasema, "Mchoyo wewe. Mwaka mzima unajilia peke yako."

Tulirudi kabla ya magharibi, na kesho yake asubuhi, juu ya ukuta usiofika paa, nilisikia chai ikikorogwa na mtu akiuliza wanawake walileta nini kutoka kule. Akajibiwa kwamba hawakuleta kitu. Kisha sauti ya tatu, iliyochoka, ambayo haikuwa na kawaida ya kuja pale alfajiri, ikasema kwamba mke wake amerudi anaimba, na jana usiku amemuuliza kama anajua kwamba bahari inaonekana. Mzee mmoja akauliza wewe ulimjibuje. Mwenyekiti akasema alimwambia hajui, kwa sababu hajawahi kufika.

Barua ilikuja siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi. Ninayo hadi leo, imebandikwa kwenye kioo, na wageni wanaojua Kiswahili huisoma mara mbili. Inasema: Kwa Bwana Miti. Yahusu Zuhura. Nathibitisha kwamba mtajwa hapo juu ametembea na mke wangu pamoja na wanawake wengine sita wa kijiji hiki kwa siku nzima, na wote wamerudi salama na wameridhika. Serikali ya kijiji haina pingamizi aendelee. Sahihi, na muhuri umegongwa barabara katikati. Ubao haukutajwa. Msindikizaji hakutajwa. Watu huniuliza kama Mwenyekiti aliandika vile kwa kutojua. Alikuwa mtu wa kusoma barua mara tatu kabla ya kuitia sahihi. Alijua. Alichagua upande ambao neno lile lingekaa, na akaligongea muhuri. Bwana miti aliisoma akiwa amesimama, akakaa, akaisoma tena, kisha akafungua droo ya vibali bila kuniangalia usoni, mabega yanatikisika.

Sitadanganya kwamba maneno yaliisha. Makondakta waliendelea hadi walipochoka, na wapo wazee waliofariki wakiwa bado wanavuka barabara kunikwepa wakiniona. Mimi nami nikaendelea. Nimewafundisha kazi hii wasichana wengi wa hapa na wa Lindi, na somo la kwanza ninalowapa ni kumweka mbele aliye mzito, na la pili ni kwamba usifute ulichoandika kwa sababu mwingine hajui kusoma. Ubao ulisimama pale miaka mingi, nguzo zikaliwa na mchwa, Bi Hadija akazibadilisha. Alipofunga hoteli kwa uzee aliung'oa mwenyewe, akakataa kuutupa.

Baada ya hitma, sahani zikiwa zimekusanywa, Rehema alikuja kuniketia karibu na simu yake. Alikuwa na wazo jema. Alitaka kunifungulia ukurasa ili vijana wa mjini wanipate, na alikuwa ameshaandika jina juu: Haikingi na Zuhura. Alieleza kwa uangalifu, kama ninavyoeleza mimi, kwamba siku hizi watu wote husema haikingi, Kiingereza cha kutembea porini kwa miguu, ni neno safi, halina maana mbili. Yule bibi wa mgongo uliopinda alikuwa anaosha ubao kwa jivu na maji, na herufi zilikuwa zinajitokeza moja moja. Aliinua uso, na hapo ndipo nilipomtambua. Alikuwa Mama Shukuru. Alininyooshea tu kidole chenye povu, kama anayengoja jibu la mwanafunzi.

Nikamwambia Rehema afute haikingi, aandike ubao ulivyo. Akaandika, vidole vyake vyepesi. Tembea na Zuhura. Masaa matatu au siku nzima. Akasita.

"Shangazi, hapa nafasi ipo tele. Si ubao huu. Niongeze msituni?"

"Najua nafasi ipo," nikasema. "Usiongeze."